Mu Gameli Mulikuwa Maharagi

Mi njo mwenye kosa. Ninaanza na hii neno juu sipendi munisomee na huruma. Bengine, pa kuungama, banaanza na shetani, kiisha banaenda ku bulozi, banamaliza na marafiki babaya. Mi sikuwa na rafiki mubaya! Nilikuwa na rafiki muzuri, na mi mwenyewe njo nilimuangusha.

Jina yangu sitaandika. Lakini benye kukaa zamani mu site, mitaa ya bantu beusi, ya Elisabethville, ile tunaitaka Lubumbashi, ile miaka bazungu balikuwa na vita yabo kule Ulaya, batanijua na jina ya kuchekelea: Kamuti. Kamuti ni kusema kajiti kadogo. Nilikuwa mwembamba, bandugu, mwembamba ya kuleta haya! Nilikula sawa bengine, nilitumika sawa bengine ku atelye ya gari ya moshi, kupaka mafuta mu magurudumu, lakini nyama ilikataa kabisa kuja ku mwili yangu. Mama yangu alisemaka: huyu mutoto, chakula inapita ndani yake sawa mugeni, haikai.

Mu lupango yetu kulikuwa nyumba ine na kiwanja moya katikati. Mangaribi, banaume bote tulikulaka pamoja pale inje: beseni moya ya bukari, ugali yetu, sahani moya ya mboga, mikono yote ndani. Ile ilikuwa desturi, na haikuwa desturi ya muchezo. Muntu anayekula peke yake na mulango ya kufunga, banamuulizaka: unaficha nini?

Pale ku beseni njo balinichekeaka.

"Kamuti, usikae karibu na mbabula, utashika moto!"

"Leo mupepo iko mingi. Mufunge Kamuti na kamba!"

Nami nilichekaka nabo. Nilicheka, na mu roho ninalia. Na wakati ninacheka mukono yangu inachelewa, bukari inaisha, ninabakia kulamba bidole.

Sasa, ku misioni kulikuwa Patro, chama ya vijana. Mompe mumoja, padri ya kizungu ya ndevu mingi, alitufundishaka jimunastiki siku ya yenga, ni kusema Jumapili, kiisha misa. Na kila siku kuu ya Santu Eloi, mutakatifu ya bantu ba mashini na ba chuma, tulionyeshaka piramidi: benye nguvu banasimama chini, bengine banapanda pa mabega yabo, na bengine tena juu ya bale. Fanfari, tarumbeta na ngoma, inapiga, muji yote inatazama. Munafikiri mi nilisimamaka wapi? Juu kabisa, pamoja na batoto! Muntu muzima, ndevu inaota, ninashika kadrapo, kabendera kadogo, juu ya vichwa ya benzangu!

Na Felisita anatazama.

Felisita alikuwa binti ya mutaa yetu. Baba yake alikufwa zamani, na muyomba yake, ndugu ya mama yake, tata Donati, njo alimulea. Mi na ye tulisikilizana vizuri. Nikaenda kumulomba, na heshima yote. Tata Donati akaniangalia kutoka ku miguu mpaka ku kichwa.

"Mwana," akasema, "uko muntu muzuri. Lakini siku mutoto yetu atagonjwa, we utamubeba, ao ye njo atakubeba?"

Nyumba nzima ilicheka. Hata Felisita aliinama, akafunika kinywa na nguo. Muzee hakunifukuza, hapana. Alisema tu: "Kwanza jaza mwili. Kiisha rudi." Nilitoka pale na hasira ya kupasua jiwe.

Njo nikaenda kwa Yaya Pius.

Yaya Pius alikuwa muntu ya kwetu, upande ya Mitwaba, na alinipita miaka, njo maana nilimuitaka Yaya, ndugu mukubwa. Alikuwa mupishi kwa bazungu ba mutaa ya Makomeno. Bibi yake, Mama Anasta, na batoto bake balikaa mu site, karibu na lupango yetu. Asubui alienda ku kazi na kinga yake, baisikeli ya kizamani yenye taa mbele, mangaribi anarudi. Kifua yake ilikuwa sawa mulango.

"Yaya, nisaidie," nikamuambia. "Niko nakufwa na haya."

Akacheka, lakini haikuwa kile kicheko ya ku beseni. "Mudogo yangu, mi vilevile nilikuwa mufupa ya samaki. Mwili yako ni mbabula: kila makala unatia, inachoma. Haiko bugonjwa. Basi tia kupita ile inachoma, na tia mara mingi."

Na akanifundisha. Haikuwa dawa, haikuwa kuchanjwa. Asubui, mbele ya kazi, uji ya muhindi na kalanga ya kutwanga ndani. Ku kazi, mihogo ya kuchoma mu mufuko, na kalanga tena. Kula mbele njaa haijakuja, alisema, juu muntu mwembamba akingoja njaa amechelewa. Saa sita, bukari na sombe, majani ya mihogo, ao samaki. Mangaribi, maharagi na mayai. Wakati ya binkubala, bale badudu ba pori tunapenda, kula mpaka useme basi. Lutuku, ile pombe kali, acha. Lala mapema.

Kiisha chuma. Ku atelye balitupa ekisi moya, chuma ya kubeba magurudumu, ya kale, ya kupinda. Tukafunga kopo ya simenti huku na huku.

"Nyanyua polepole, shusha polepole," akasema Yaya Pius. "Leo miguu na mugongo. Kesho pumuzika. Kiisha mikono na kifua."

"Na kila siku, yaya? Si itakuja mbio?"

"We uko unajenga nyumba ao uko unabomoa? Nyama haikujake wakati unanyanyua. Inakujaka wakati unalala na tumbo ya kushiba."

Na ye mwenyewe njo alinilisha. Musome hapa vizuri, juu hapa njo panauma. Maharagi ilikuwa yake, ya shamba ya Mama Anasta. Mayai ilikuwa ya kuku yake. Asubui anatia maharagi pa pembe ya jiko ya muzungu, inachemuka polepole siku yote. "Maharagi yangu, moto yake," alisemaka, na anacheka peke yake. Mangaribi anapita kwangu, ananiachia gameli, ile sufuria kadogo ya kufunika bantu banabebaka ku kazi, na juu amefunga kitambaa isimwangike mu njia. Batoto bake balikula nini ile mangaribi? Sikuuliza. Hata siku moya sikuuliza!

Sasa mungojee bujinga yangu.

Ningefanya yote mbele ya bantu. Yaya Pius mwenyewe aliniambia: "Kula kwanza ku beseni na banaume, kiisha ongeza yako pembeni, baone. Wakati ya leo haiko muzuri. Kidole moya haiue chawa." Mi? Hapana! Mi nilitaka siku ya Santu Eloi nivue shati, na muji yote ibakie kinywa wazi! Nikaacha beseni. Nikasema tumbo inaniuma. Nikafunga mulango, nikafunika dirisha na gunia, nikakula peke yangu sawa mwizi. Na chuma vilevile nilinyanyulia mule ndani, ninaguna, ekisi inaanguka chini, jirani banasikia nyumba inatetemeka.

"Yaya, tafazali, usimuambie muntu."

"Unaficha maharagi?" akashangaa. "Mudogo yangu, muntu anaficha mali ya wizi. Maharagi unaificha juu ya nini?"

Lakini alinyamaza, juu nilimulomba. Ndiyo sababu nasema alikuwa rafiki.

Na mwili ikakuja, bandugu! Kwanza mabega. Kiisha shingo. Shati ya kazi ikapasuka pa mugongo, na mi badala ya kuhuzunika nikafurahi. Vijana ba Patro banauliza: "Kamuti, unakula nini?" Unajua nilijibu nini? "Ni damu. Babu yangu alikuwa anabeba nyati pa mabega, peke yake. Kwetu nguvu inachelewa, kiisha inakuja." Uongo mutupu! Babu yangu alikuwa mwembamba kunipita mi.

Mompe akanishika mukono, akaminya, akafurahi sana. "Mwaka huu, chini! Katikati!" Katikati ya mustari ya chini ni pale uzito yote inashukia. Nilirudi nyumbani ninaimba.

Batoto ba leo hamujui ile miaka ilikuwa namna gani. Bantu balikuwa banaogopa batumbula. Walisemaka kuko bantu banakamata muntu mu giza, banamupiga nyundo, sauti inapotea, banamutia mu shimo na kumulisha mpaka ananona sawa nguruwe, kiisha banamupeleka ku meza ya bazungu. Na nani anabasaidia? Bapishi, bashofere, balinzi ba bazungu! Ile maneno ilikuwa ku bomba ya maji, ku soko, hata pa mulango ya kanisa. Mi sikuamini sana. Lakini mangaribi nilifunga mulango sawa bengine.

Sasa tazama na macho ya jirani. Kuko kijana alikuwa kajiti. Ameacha kula na bantu. Anajifungia. Anaguna ndani sawa nyama ya pori. Na kila mangaribi, giza ikianza, mupishi ya bazungu anakuja na taa, anaingiza gameli ya kufunika, anatoka. Na kajiti inanona! We ungefikiri nini?

Mama Veronika, jirani ya mulango ya pili, mwanamuke ya ulimi mukali, njo alianza kuvumisha ile maneno. Mu lupango bakaanza kunyamaza wakati ninapita. Mama moya akamuita mutoto wake aondoke karibu yangu. Na mi mujinga nilifikiri ni wivu! Nilifikiri: waache, banaona mabega.

Siku moya ya yenga, kiisha misa, tata Donati akafika mu lupango na bandugu bake. Felisita alikuwa nyuma yabo. Jirani bote bakatoka. Nikavaa shati mbio, nikafikiri balikuja juu ya ndoa!

"Mwana," akasema tata Donati, "tulikuja na heshima. Ulilomba mutoto yetu."

"Ndiyo, muzee."

"Mi nilikuambia jaza mwili, na umejaza. Hatukatale. Tunauliza neno moya tu. Nani anakulisha?"

Nikacheka kidogo. Hakuna aliyecheka.

"Ni ule mupishi ya Makomeno!" Mama Veronika akaruka. "Na taa yake! Na kitu yake ya kufunika! Mungu anaona, mi nasema mbele ya wote!"

"Mama, acha ye ajibu," akasema tata Donati. Akanikaribia. "Mu gameli muko nini?"

Bandugu, jibu ilikuwa pa ulimi. Maharagi! Maharagi, yai, siku ingine samaki kidogo. Ingieni ndani, mutazame ekisi yangu na makopo ya simenti. Muiteni Pius. Bangecheka mpaka machozi, na ile jambo ingeisha pale pale.

Lakini niliona vijana ba Patro banasimama pa ukuta. Bale nilibaambia juu ya babu na nyati. Niliona Felisita ananiangalia. Sasa niseme mbele yake: nguvu yangu haikutoka ku damu, inatoka ku sufuria ya bibi ya muntu mwengine? Mi mwanaume, ninalishwa sawa mutoto? Na tena nikaona macho ya bale bandugu bake, nikaogopa: kama hawaniamini, batasema mi njo mutumbula.

"Sijui," nikasema.

"Namna gani hujui?"

"Sijui, muzee. Analeta tu. Ananiambia kula. Ananiambia... nisiseme."

Nani alilomba siri? Mi! Na nikamuvalisha ye! Mama yoo! Nilitwaa maneno yangu mwenyewe, nikatia mu kinywa ya Yaya Pius. Kweli, asante ya punda ni mateke.

Hakuna aliyepiga kelele. Ile njo ilinitisha. Tata Donati alitingisha kichwa tu, bakatoka bote mu lupango, na banaume ba beseni bakabafuata. Nikabakia na Mama Veronika, ananipapasa mabega, analia: "Pole, mwana, pole. Mungu amekuokoa."

Jua ilikuwa bado juu. Nilikuwa na wakati! Ningechukua njia ya Makomeno na miguu, ningemukuta mbele hajatoka ku kazi, juu mupishi anatumikaka hata siku ya yenga. Sikuenda. Niliingia ndani, nikafunga mulango, nikakaa pa kitanda, nikajiambia: batamuuliza tu, atajibu, itaisha.

Balimungojea ku bomba, pale pa kona. Nilisikia kengele ya kinga yake. Alipigaka ile kengele kila mangaribi juu batoto batoke ku njia. Kiisha nikasikia chuma inaanguka, na sauti yake: "Bandugu, kuna nini? Bandugu!" Na kiisha nikasikia jina yangu. Aliniita. Aliniita mara mingi, juu alijua mi ninaweza kumutetea, na nyumba yangu iko pale karibu.

Ile mikono yote, ile mabega, ile shingo ya ngombe-dume! Haikuweza hata kufungua kitasa.

Nilitoka wakati kelele ilipungua. Yaya Pius alilala chini pa matope ya bomba, mukono yake ya kuume ilipinda mubaya, uso ilijaa damu. Kinga ilivunjika. Na gameli ilifunguka pale, kitambaa kando, na chakula ilimwangika chini mbele ya bantu bote.

Felisita alichuchumaa. Akaokota, akanusa, akanyoosha mukono bantu baone.

"Ni maharagi," akasema. "Iko na kitunguu. Na hii ni yai. Ni maharagi tu!"

Bengine bakaanza kuondoka polepole. Mbwa ikakuja kula. Felisita akainua macho, akanitafuta kati ya bantu, akaniona. Kama angenitukana, ningevumilia.

Polisi balikuja. Balikamata nani? Pius! Na mi baliniuliza, wakati ingine Mungu alinipa nafasi ya pili: "We ulijua mu gameli muko nini?" Tata Donati alikuwa pale, bandugu bake pale. Nikasema tena: sijui. Kosa ya kwanza munaweza kuita woga. Ya pili mutaiita nini?

Balimuachilia kiisha siku kidogo. Lakini muzungu yake hakutaka tena mupishi ya mukono ya kuvunjika, na jina yake inatembea mu site na neno batumbula. Na ile wakati, muntu mweusi bila kazi hakuwa na haki ya kukaa mu muji. Bakamuambia arudi kwabo. Nilimuona siku anapanda kamyo ya Mitwaba, mukono mu kitambaa, Mama Anasta na kikapo ya kuku, batoto bote. Nilijificha nyuma ya ukuta ya duka. Mutoto wake ya mwisho aliniona, akanipungia mukono na furaha: juu kwake mi nilikuwa bado ule mudogo ya baba. Nikainama.

Mungefikiri niliacha chuma? Hapana! Nilijiambia, nimelipa bei kali, basi nisiikose ile siku. Ona roho ya muntu!

Santu Eloi ikafika. Fanfari, drapo, bazungu pa viti, bantu bajaa. Nikavua shati. Nilikuwa na mwili, bandugu, mwili ya kweli. Mompe akanisimamisha chini, katikati. Akapiga filimbi. Bale ba mustari ya pili bakapanda pa mabega ya jirani zangu, kuume, kushoto. Pa yangu, hakuna. Kijana yenye alipaswa kunipanda alisimama nyuma yangu, hasogei.

"Panda!" Mompe akapaza sauti.

"Hapana, Mompe. Mi siweke miguu yangu pale. Hatujui ile nyama ilitoka wapi."

Na maharagi bote baliona! Baliona na macho yabo! Lakini mi mwenyewe nilisema sijui, mbele ya bashuhuda, na muntu akisema hajui alikula nini, nani atamujulia? Mompe akapiga filimbi tena, akakasirika, akaita mwengine. Ye vilevile akakataa. Mwishoni fanfari ikapiga hivyo hivyo. Piramidi ikapanda kuume na kushoto, katikati shimo, na mi ndani ya shimo, mikono pa kiuno, mabega tupu. Bantu balicheka sana ile siku. Ningelipa kitu gani nirudi juu na batoto na kadrapo!

Nilimungojea Felisita pa mulango ya kanisa.

"Mwili nilijaza," nikamuambia. Bujinga ya mwisho ya maisha yangu, kusema ile neno.

"Niliona," akajibu. "Pius alikulisha, ukamuuza. Mi sijakupikia bado hata siku moya. Mi utaniuza siku gani?"

Akaolewa na muntu ya Kasumbalesa, mwembamba sawa mi ya zamani. Nasikia ana batoto.

Miaka ikapita. Nilipopata ruhusa ya kazi, nikapanda kamyo, nikaenda Mitwaba. Nilimukuta Yaya Pius mu shamba, analima na mukono ya kushoto. Ule mwengine ulikauka, bidole haifunguke. Mupishi! Nikapiga magoti pale mu mifereji ya mihogo. Nilitaka anitukane. Ningependa anipige.

"Simama," akasema, "utachafua surwali." Akaniongoza kwake. Mangaribi banaume ba kwabo bakakaa pa beseni, akanivuta kati yabo. "Huyu ni mudogo yangu ya Lubumbashi," akabaambia. Mama Anasta akaleta mboga. Hakuniangalia ku macho. Ilikuwa maharagi.

Nilishindwa kumeza. Wote banakula, mi ninashika tonge mu mukono mpaka inapoa.

Kiisha, bengine walipoondoka, Yaya Pius akaniambia neno moya tu juu ya ile jambo. Alisema polepole, bila hasira, sawa muntu anayetafuta kitu ilimupotea.

"Bale balinipiga juu ya woga. Nimebaachilia. Lakini we ulijua, mudogo yangu. Ungesema maharagi. Ni neno moya. Mbona ilikuwa nzito kupita ekisi?"

Asubui nikapanda kamyo, nikarudi. Na sasa Yaya Pius hayuko tena. Habari ilinifikia ku atelye, na bantu ba kwetu. Nikaomba ruhusa niende ku kilio. Kiisha nikawaza macho ya Mama Anasta, sikuenda. Munaona? Ni ule ule muntu.

Mwili yote ilienda. Ilienda yenyewe, mwaka kwa mwaka, juu chakula haitaki kukaa kwa muntu yenye hawezi kumeza. Leo tena niko Kamuti, Kamuti ya mvi. Sikuoa. Ninapika mwenyewe, ninakula inje, mulango wazi, na jirani hawasogei kula nami.

Vijana bembamba ba Patro banakujaka kuniuliza, juu bazee babo banasimulia mabega yangu ya zamani. Nabaambia yote sawa nilivyofundishwa. Kalanga asubui. Maharagi na mayai mangaribi. Kula mbele njaa haijakuja. Nyanyua chuma, kiisha pumuzika, lala. Usipende mbio. Itakuja. Mwembamba haiko laana.

Lakini musikie na hii, na kama munasahau ingine yote musisahau hii. Kuleni mbele ya bantu! Musione haya ya sufuria inayobalisha! Muntu akikujaza mwili, jina yake iwe ya kwanza pa kinywa yako, mbele ya ile ya babu yako, mbele ya yako mwenyewe. Na siku batakuuliza, usingoje kuangalia nani anasimama pa ukuta. Jibu.

Mi nimechelewa, tata Donati amekufwa, Pius amekufwa, na hakuna muntu anayeuliza tena. Lakini nitajibu.

Nani alinilisha? Ni Yaya Pius, mupishi ya Makomeno, muntu ya Mitwaba, bwana ya Mama Anasta. Mu gameli mulikuwa maharagi. Nilijua. Siku zote nilijua.